Unadaiwa Siku Ngapi

Kwetu delta, mwanamke akishikwa na tumbo chini ya kitovu, jina la ugonjwa humfikia kabla ya dawa. Chango. Msichana anayeumwa akiwa kwenye siku zake ana chango. Bi harusi aliyemaliza mwaka bila kushika mimba ana chango. Aliyeshika ikatoka, chango limeila. Mwenye mkojo wa moto, mwenye usaha, mwenye kidole tumbo kinachotaka kupasuka, wote hao ni chango, na wote watanyweshwa mizizi ileile iliyochemshwa kwenye chungu kilekile. Mimi neno hili silipendi. Walionizoea wanajua: ukitaka tugombane asubuhi kabla sijanywa chai, njoo uniambie binti yako ana chango.

Sikuzaliwa na ukali huu. Uliniingia nikiwa na miaka ishirini na moja, mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji kilicho ng'ambo ya Kiongoroni, ukikata mkondo mmoja tu. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa yangu. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza biashara, vitu vimerudi. Mimi niliyekua nikifua sare ya shule kwa majani ya mpapai, sasa nilikuwa nachagua sabuni, nitake ya pinki au ya kijani. Duka la kijiji lilikuwa na betri, na sukari isiyo na foleni, na kwenye kopo la maziwa juu ya rafu kulikuwa na vidonge vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, ambavyo mwenye duka aliuza kimoja kimoja kama pipi. Mume wangu aliacha kukata boriti za mikoko akaingia kwenye uvuvi wa kamba, maana wanunuzi wa kamba walikuwa wanakuja na boti za mashine na masanduku ya barafu mpaka kwenye vijito ambavyo hata mkusanya kodi hakuwahi kuvijua. Wiki mbili yuko dago, kambini na wavuvi, wiki moja yuko nyumbani. Nilikuwa naishi na mama yake.

Nilikuwa nataka mtoto. Naliandika hivi bila kulipamba kwa sababu wakati ule sikuweza kulisema. Nilifundisha watoto wa watu arobaini na kitu, nikawapenga kamasi, nikawafunga vifungo, nikirudi nyumbani nakuta ua umefagiliwa, kimya, hakuna aliyechimba shimo wala kuacha kibuyu cha kuchezea njiani. Ule usafi ulikuwa unaniumiza. Mama mkwe alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa na tabia ya kuuliza kwa macho. Kila mwezi aliniangalia mara moja tu, nikipita na ndoo kwenda bafuni saa isiyo ya kuoga, kisha anaendelea kupepeta mchele wake.

Mwaka wa kwanza nilichelewa siku tisa. Nikawa mjinga, nikamwambia. Naye kwa furaha akawaambia wawili watatu, na wale wawili watatu hawakuwa na ndimi fupi. Siku ya kumi damu ikaja, tena nikiwa kisimani, mbele ya wanawake waliokuwa wameanza kuniita mama kijacho. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Niliapa siku ile kwamba nikipata tena, mtu hatajua mpaka mwezi wa tatu, wala mume, wala mama yake, wala mama yangu mimi.

Basi mwaka uliofuata, katikati ya Shaabani, nikamaliza siku zangu, tukavunja jungu, Ramadhani ikaingia. Sasa, asiyekuwa wa kwetu lazima aelezwe jambo hili. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi. Anakula, lakini anakula jikoni kwa kujificha, na nyumba nzima inajifanya haijui. Zile siku anazokula anadaiwa, atakuja kuzilipa baada ya Idi. Kwa hiyo mwanamke kijana kumaliza Ramadhani nzima bila kudaiwa si kitu cha kila siku. Mimi nilingoja kumi la kati, ndipo siku zangu zilipotakiwa kuja. Zikapita siku tatu. Zikapita saba. Kumi la mwisho likaingia nami bado nimefunga, midomo imekauka, kichwa kinaniuma, na furaha imenijaa mpaka naogopa kutembea haraka.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, kabla wala baada. Nikisahihisha madaftari nilikuwa nazungumza naye kimoyomoyo. Nilimwambia huyu ana mwandiko mbaya, wewe hutakuwa na mwandiko kama huu. Nilimwonya kuhusu jua la delta na mbu wake. Nilikuwa na kanga mpya ambayo mume wangu aliniletea kutoka Dar, nikaiweka chini ya sanduku bila kuikata, kwa ajili ya kumbebea. Kanga yenyewe sikuipenda rangi, lakini ilikuwa laini.

Mama mkwe hakushuku kitu. Yeye alikuwa amevuka umri wa kuhesabu, na mwanamke akishavuka hesabu hiyo huisahau upesi. Alichokiona ni ucha Mungu. Alizunguka kwa majirani akisema mwaka huu mwalimu kafunga zote, tena na shule anasomesha. Nikawa nasifiwa kwa swaumu, nami nainamisha kichwa kwa haya, huku moyoni nasema laiti mngejua.

Mwezi wa Idi mwaka ule ulizua ugomvi. Jumatatu jioni watu wetu waliuona kwa macho yao, lakini redio ikasema haujaonekana. Nusu ya kijiji ikasali Idi Jumanne, nusu ikafunga ikasali Jumatano. Mama mkwe alikuwa kichwa cha walioona. Alikuwa tayari kugombana na yeyote, mpaka na redio yenyewe. Baada ya Idi nikaunganisha moja kwa moja na zile siku sita za swaumu ya hiari, kwa kuwa sikuwa na deni la kulipa kwanza.

Siku ya tatu ya sita nilikuwa ubaoni, naandika silabi. Kitu kikanichoma chini ya tumbo, upande wa kulia, kwa nguvu ya ghafla kiasi kwamba chaki iliruka. Nilikaa chini kwenye vumbi la darasa. Watoto wakadhani ni mchezo, safu ya mbele nayo ikakaa chini. Baadaye nikaenda chooni, nikaona damu kidogo, nyeusi, kama maji ya chai yaliyolala. Matone tu. Nikajiambia si kitu. Nikajikaza mpaka nyumbani.

Mama mkwe aliponiona nimejikunja alijua mara moja, kama wanavyojua wote. Chango. Akanifungulisha kwa kikombe cha mizizi, chungu kama nini sijui. Haikusaidia. Akaenda dukani akarudi na vidonge vya rangi mbili, viwili, nikameza. Mchana ulipopinda na mimi bado nasaga meno, akanishika mkono tukaenda zahanati.

Nesi wetu hakuwapo. Alikuwa mtu wa Mbwara, huko milimani, amekwenda kwao Idi na hajarudi. Aliyekuwapo ni mganga wa serikali, kijana wa bara, mbali huko, Mkristo, hajamaliza hata miezi minne kwetu. Alikuwa na Kiswahili cha kitabu na adabu nyingi. Sisi tulimpenda kwa sababu alichimba choo chake mwenyewe. Siwezi kumsema vibaya mpaka leo, na msomaji akinivumilia ataona kwa nini.

Mama mkwe akamwambia huyu ana chango. Katika Kiswahili alichofundishwa yeye, chango ni mnyoo. Akaandika minyoo. Kisha akafuata orodha ya maswali aliyofundishwa chuoni, na swali moja likamtia haya, kwa kuwa mama mtu mzima amekaa pale. Akalitafutia neno la heshima. Hakusema hedhi. Aliinama kwenye daftari lake akauliza:

"Mwezi umeuona lini?"

Kwa adabu za kwetu, mwanamume hawezi kumuuliza mwanamke neno la siku zake mbele ya mama mkwe wake. Haiwezekani, kwa hiyo mama mkwe hakulisikia hivyo. Alisikia kijana Mkristo anaulizia Idi ya Waislamu, na akaona hapa pana mtu asiye na upande, wa kuelezwa ukweli. Akajibu kabla sijafungua mdomo. Jumatatu, akasema, magharibi, jua lilipozama tu, wala asidanganywe na mtu. Mganga akaandika Jumatatu. Akatabasamu kwa huruma, akatueleza kwamba maumivu ya siku hizo ni ya kawaida kwa wasichana, akanipa dawa ya minyoo na aspirini.

Mimi nilisikia. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, na hapa ndipo kalamu inaponigomea. Nilielewa swali, nikaelewa jibu, nikaona hasa mahali mwezi wa angani ulipochukua nafasi ya mwezi wangu. Mimi niliyesoma, niliyekuwa na kitabu cha sayansi chenye picha ya kizazi na mirija yake miwili. Ningesema neno moja tu. Sikusema. Kusema sijaona ni kusema nina mimba, na mimba inayouma ni mimba inayoaga. Nilifikiri nikiinyamazia itakaa. Kila mwaka nilikuwa nawafundisha watoto kuimba mficha uchi hazai, nao wakicheka kwa lile neno la aibu, na sikuwahi kufikiri methali ile inaweza kumkuta mtu neno kwa neno.

Asubuhi ya pili sikuweza kusimama. Tumbo lilikuwa limetulia kidogo, kwa hiyo mama mkwe alishukuru, akasema mizizi imeanza kazi. Lakini nilikuwa na kiu isiyokwisha, na bega la kulia lilikuwa linaniuma, bega ambalo sikuwa nimelifanyia lolote. Nikijaribu kulala chali linazidi. Nilidhani nimelilalia vibaya.

Maji yalipojaa nesi akarudi na mtumbwi wa watu wa Kiongoroni. Nyumba yetu ilikuwa njiani kutoka bandarini, na mama mkwe alimwita aje ale mkate wa Idi uliobaki. Akaingia na mkoba wake begani. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, wa makamo, na sauti ya watu wa milimani, inayopanda mwisho wa neno. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akauliza mwalimu yuko wapi, akaambiwa amelala ana chango. Akachungulia.

Hakuuliza kitu kwanza. Alipiga magoti, akanivuta kope la chini la jicho, akatazama ndani. Akashika kifundo cha mkono wangu akahesabu mapigo. Akabonyeza tumbo kwa vidole viwili, polepole, na alipoachia ndipo nilipopiga kelele. Akauliza kama bega linauma. Nilishangaa alijuaje. Mama mkwe alikuwa nyuma yake akieleza yote kwa mpigo, mizizi, vidonge, mganga, na kwamba maskini ameharibikiwa na sita yake, alikuwa katika ya tatu.

Nesi akageuka. Akauliza ni sita gani, siku chache tu baada ya Idi, na deni la Ramadhani je. Mama mkwe akachukua nafasi ile kunisifu. Nesi hakumsikiliza. Alinirudia mimi, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya samli kwenye nguo zake.

"Mwalimu, nitazame. Unadaiwa siku ngapi?"

Nimelitafakari swali lile kwa miaka mingi. Angeniuliza siku zangu, ningemdanganya. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, tena ulioandikwa kwenye daftari la serikali. Angeniuliza kama nina mimba ningekana. Lakini swaumu si ya mama mkwe wala ya mganga. Swaumu ni ya Mungu, na mtu aliyelala vile, amekauka vile, hawezi kudanganya kuhusu deni la Mungu.

"Sidaiwi hata moja," nikasema.

Mama mkwe alianza kukunja vidole. Nilimwona akihesabu. Ilimchukua muda, maana alikuwa ametoka zamani katika hesabu ile, lakini alifika. Akaketi kwenye kizingiti.

Kuanzia hapo nakumbuka vipande. Nesi alitoka nje akapaza sauti kama mnadi wa soko kwamba inatakiwa boti ya mashine sasa hivi. Mganga akaja mbio na daftari. Nesi akamwambia maneno mawili, naye akalitazama lile neno Jumatatu, kisha akalitupa daftari chini, kijana yule mwenye adabu. Ni yeye aliyekwenda kwa wanunuzi wa kamba, waliokuwa wanapakia, na alipoona wanasitasita akaingia botini mwenyewe akaanza kushusha masanduku. Wakampisha. Wakanilaza kati ya masanduku mawili yaliyobaki, juu ya jamvi, barafu inayeyuka chini yangu. Mpaka leo sili kamba. Nikisikia harufu yao naondoka mezani, na watu wanadhani ni maringo ya mwalimu.

Mama mkwe alikipakata kichwa changu. Tulikuwa tumeshapita mikoko mingi. Kisha akainama sikioni kwangu.

"Mwezi aliouliza yule kijana," akasema, "ni wa angani au wako?"

"Wangu."

Akajifunika uso kwa kanga. Nilikuwa na nguvu ya kutosha kumwambia kwamba mimi nilielewa, kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Sikumwambia. Nilikuwa naogopa kufa, na nilikuwa namkasirikia, na nilikuwa mtoto.

Tuliposhuka bara kulikuwa na pikapu ya kubeba nazi, ikatupeleka Kibiti, na kutoka Kibiti gari jingine likatupeleka hospitali yenye chumba cha kupasulia. Daktari alisema nimefika nikiwa nimebakiza kidogo. Mimba ilikuwa imetunga ndani ya mrija, mahali pembamba pasipo nafasi, ikakua mpaka mrija ukapasuka, na damu ikamwagikia tumboni, ndiyo iliyopanda na kuuma begani. Damu ya kuniongezea ilitolewa na yule mganga wa bara. Alikuwa amefuatana nasi mpaka huko, akapimwa, ikalingana na yangu. Baadaye alihamishwa, sijui yuko wapi, na mimi natembea na damu yake.

Daktari alisema nimebaki na mrija mmoja, nishukuru. Alisema mimba, alisema mrija. Kila mtu pale alisema vizuri na kwa upole. Niliporudishwa wodini niliweka mkono juu ya bandeji nikamtafuta, nikawa namwita kimoyomoyo kama nilivyozoea, na kwa mara ya kwanza nikajiona naongea peke yangu.

Siku ya kurudi kijijini, watu walikuwa wamejaa bandarini. Mama mkwe alishuka mbele yangu. Alijifunga kanga kiunoni akawaambia wote kwa sauti moja kwamba lilikuwa chango, tena baya, wazungu wa hospitali wamelikata wamelitupa. Hapakuwa na mzungu hata mmoja hospitali ile. Lakini neno lilishatoka. Watu wakaja na supu na ndizi, wakaniambia pole na chango. Nikajibu nimeshapoa. Laiti ningefiwa na mtoto wa siku moja, ningetandikiwa jamvi, wanawake wangekaa nami, mtu angenisuka nywele, ningelia mpaka nichoke. Kwa chango hulii. Kwa chango unakunywa supu unarudi shuleni.

Mume wangu aliporudi kutoka dago nilimwambia mwenyewe. Alinisikiliza, akanishika mguu, akasema tumshukuru Mungu ilikuwa bado damu tu. Najua alitaka kunifariji. Nilimchukia kwa muda wa miezi miwili, kisha nikamsamehe, kwa sababu hakujua na mimi sikumfundisha.

Mrija uliobaki haukufanya kazi. Kila Ramadhani nilifunga nikisubiri, na kila Ramadhani, kumi la kwanza au la kati, nilijikuta jikoni nakula kwa kujificha. Mwaka huu nadaiwa sita, mwaka ule saba. Nilizilipa zote, siku moja moja, katika miezi ambayo hakuna mwingine aliyefunga, na sidhani kuna mwanamke aliyelipa deni lake kwa uchungu kama mimi. Mwaka wa saba niliandikisha darasa la kwanza kama kawaida. Wazazi wanatamka jina, mimi naandika. Nilifika nusu ya ukurasa nikashtukia kwamba hawa ni wa umri wake. Mwaka mzima ule nilikuwa naangalia dawati la pili dirishani, ambalo halikuwa na mtu, nikakataza watoto kulikalia, na sikuwahi kueleza kwa nini. Mwaka mwingine, nywele zimeshaanza mvi, nilifunga thelathini bila kukatiza. Wanawake wakanisifu. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikashika kiwambaza, nikakaa huko mpaka waliposahau.

Katikati ya hapo mume wangu alioa mke wa pili, binti wa watu waliohamia kutoka Mloka baada ya nguruwe na tembo kuwamalizia mashamba. Aliniomba ruhusa, nikampa. Mke mwenzangu alizaa wanne, na wale wanne niliwafundisha kusoma, nami nawapenda. Hilo ni jambo jingine, halikuondoa lile.

Nesi wa Mbwara nilikaa naye miaka mitatu kabla hajahamishwa. Aliniambia swali lile hakulipata chuoni. Chuoni walimfundisha kuuliza tarehe, na wasichana wa huku hawataji tarehe, wanataja haya. Nimelitumia shuleni na mtaani kila nilipoitwa kumwona binti aliyeshikwa na tumbo ghafla. Nawafukuza mama zao nje, naita jina la Mungu, nauliza. Wapo niliowapakia botini kwa nguvu huku mama mtu ananitukana. Mmoja alikuwa na kidole tumbo. Mmoja alikuwa kama mimi, akawahi. Ana watoto watatu sasa, na kila akiniona ananiita mama, bila kujua linakwenda wapi neno hilo.

Lakini mama mkwe na mimi hatukulitaja tena. Miaka ishirini na zaidi tulikaa ua mmoja. Kila mgeni alipouliza kuhusu kupasuliwa kwangu alimwahi, chango, nami nilikuwa nauma meno. Nilidhani anaona aibu juu yangu. Nilichelewa sana kuelewa kwamba alikuwa hawezi kutamka mtoto bila kujiuliza nani alijibu Jumatatu. Hapo ningeweza kumwambia kwamba nilisikia. Niliamka na maneno hayo asubuhi nyingi, tukakutana jikoni, akaniuliza chumvi iko wapi.

Alipougua mara ya mwisho mimi ndiye niliyemuuguza, kwa sababu mke mwenzangu alikuwa na wake wa kuangalia. Siku moja mchana akaja shangazi wa mke mwenzangu kutoka Mloka, mtu mzima, hajawahi kutufikia. Alikaa kitandani kwa mgonjwa, akauliza hali, akauliza mvua, kisha akataka kujua watu wa nyumba ile, nani ni nani. Mama mkwe alikuwa na pumzi kidogo lakini alipenda sana kutambulisha. Akaanza na mke mwenzangu, kana kwamba shangazi mtu hamjui, akamwonyesha kwa kidevu, akasema huyu ni mdogo, ana wanne, wote wazima. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshika bakuli la uji.

"Na huyu mkubwa," akasema, "ana mmoja. Hakukaa."

Yule mgeni akaniambia pole mwanangu, kama anavyosema mtu yeyote, akanyoosha mkono kunishika goti. Nilitaka kumjibu nimeshapoa. Nilifungua mdomo, sauti iliyotoka sikuijua. Nililia mbele ya watoto, mbele ya mume wangu aliyekuja mbio kutoka uani, uji umemwagika mkekani. Mgeni alishtuka, akaanza kuuliza amekosea nini.

"Mwacheni alie," mama mkwe akasema. "Amefiwa."